Uzi Mwekundu kwenye Koti la Komeo

Kosa ni langu, na simsingizii mtu. Niliushona ufunguo ndani ya koti la mtu ambaye baadaye aliutafuta wiki nzima. Niliupiga uzi mara mbili, nikafunga fundo, nikajisifu. Mimi, mtu mwenye diploma ya ufundi, fundi wa lifti, ambaye watu wazima wananikabidhi roho zao wapande nazo hadi juu.

Ngoja nieleze mwenyewe, maana mke wangu anaieleza vibaya kila tukipata wageni.

Kwenye jengo letu kuna chumba cha chini, kando ya ngazi. Zamani kilikuwa cha kufulia. Mashine zikafa moja moja, zikabebwa, vikabaki vichwa vya mabomba ukutani na sakafu ya saruji inayoteremka kidogo kuelekea tundu la maji katikati. Ukidondosha kifungo mlangoni huna haja ya kuinama, kifuate tu katikati, utakikuta kinakusubiri. Hapo ndipo tunapokaa Jumamosi, viti vimelizunguka tundu, kila mtu na sindano yake, katikati lundo la nguo zilizochanika.

Aliyeanzisha ni mama mkwe wangu, na hakukusudia.

Mama alikuja kukaa kwetu baada ya kuteleza jikoni kwake. Alikuwa anaishi peke yake kwenye nyumba yake, na siku ile alilala sakafuni tangu asubuhi hadi jirani alipokuja kuazima ngazi. Tulimleta kwetu kwa ubishi. Tukampa kiti cha dirishani, kile chenye mto, na akanyamaza. Umelala vizuri, Mama? Ndiyo. Nikuletee chai? Hapana. Huyu ni mwanamke ambaye siku nilipokwenda kuposa alinihoji mpaka nikasahau jina la baba yangu. Sasa amebaki na ndiyo na hapana. Mimi watu wakikwama kwenye lifti nawachekesha kupitia tundu la mlango mpaka wanasahau kuogopa, lakini kwa mama mkwe vichekesho vyote viliniishia. Siku moja akanigeukia, akasema taratibu kabisa, "Mwanangu, mmeniweka kama kabati. Kabati zuri, linafutwa vumbi. Lakini kabati."

Nilikosa la kusema. Mke wangu anasema ni mara ya kwanza.

Basi, asubuhi moja Mama amesimama kwenye ngazi anapunga hewa, akapita Nesi wa ghorofa ya tatu anatoka zamu, macho mekundu, mkono juu ameshika reli. Mama akamtazama, akasema, "Binti, kwapa limeachia."

Nesi akajibana mkono. "Nimelijua tangu jana, Mama. Sina hata nguvu ya kushika sindano."

"Nani amekuambia ushike wewe? Kaa hapo."

Akachomoa sindano kwenye ukosi wa blauzi yake. Anatembea nayo hapo kama wengine wanavyotembea na kalamu. Akamshona binti wa watu palepale kwenye ngazi, gauni likiwa mwilini, huku anamsema: unakula nini, unalala saa ngapi, huyo mwanaume bado yupo? Niliporudi kutoka kazini, Mama aliongea hadi tukamaliza kula. Mke wangu alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza, nisije nikamkatiza.

Jumamosi iliyofuata Nesi alikuja na mwenzake. Halafu akaja Dereva wa teksi wa ghorofa ya kwanza na soksi zake, mtu wa miraba minne, aliyegundulika ana mkono mwepesi kuliko wote. Ngazi zikaziba. Ndipo msimamizi wa jengo akatokea, akafungua kile chumba kwa hasira na kusema, "Ingieni humu! Ngazi ni njia ya watu!" Kwa hiyo mwenyewe ndiye aliyetuingiza. Nataka hilo likumbukwe.

Msimamizi tunamwita Komeo. Alishafunga paa, watu wasianike nguo. Akafunga bomba la nje. Akafunga mlango wa nyuma, sasa tunazunguka jengo zima kutupa taka. Jua liwake, mvua inyeshe, yumo ndani ya koti refu jeusi, na ndani ya koti zimo funguo. Si mtu mbaya sana. Ni mtu tu ambaye akiona mlango uko wazi anajisikia vibaya.

Mama aliweka masharti mawili. La kwanza, hushoni nguo yako. Unaitupa kwenye lundo, unaokota ya mwenzio. La pili, huulizi ni ya nani. "Ukijua ni ya nani utaanza kusema," alisema, na mimi nilijua ananisema mimi. Lakini alikuwa na maana yake. Nguo ina maneno mengi. Kuna suruali ilikuja imeisha magoti yote mawili, sehemu nyingine mpya, na mtu yeyote angejua mwenyewe ameshinda amepiga magoti, sijui anasugua sakafu za watu, sijui anaomba Mungu. Tukaishona, ikarudi kwenye lundo, mwenyewe akaichukua wakati sote tunaangalia pembeni.

Mwanzoni tulihangaika kutafuta uzi unaofanana na kitambaa, kiraka kisionekane. Mpaka siku Komeo aliposimama mlangoni na kusema, mbele ya watu, "Mmezidi sasa. Wageni wanaingia hapa wanakuta matambara. Jengo linaanza kunuka umaskini."

Dereva akaificha soksi aliyokuwa ameishika, na mimi nikaona jinsi alivyoificha. Mama naye aliona.

"Nesi," akasema, "kile kibunda chako cha uzi mwekundu bado unacho?"

"Ninacho, Mama."

"Kilete. Kuanzia leo tunashona kwa uzi mwekundu peke yake. Wanaotaka kuona waone vizuri, wasije wakaumiza macho."

Ikawa hivyo. Baada ya muda jengo zima likawa na michirizi myekundu: viwiko, kola, makwapa, pindo za mapazia. Ovaroli langu la kazini lilipata kiraka chekundu matakoni, kikubwa kama sahani, kiasi kwamba nikitangulia kupanda ngazi walio nyuma yangu wanasimama kama kwenye taa za barabarani. Watu wa ghorofa za juu, ambao zamani hawakutusalimia, wakaanza kushuka na nguo zao. Mtoto wa mtu mmoja alichana sweta zima kwa makusudi, naye apate wekundu.

Komeo hakusahau. Katikati ya wiki moja akaja na habari yake: chumba kimepata mpangaji. Mwenye duka la rangi, jirani, anataka stoo ya makopo. "Jumamosi hii shoneni. Ile nyingine, mchana, analeta mzigo wake, na mimi nafunga mlango. Mwisho wa maneno."

Jioni ile nilimkuta Mama amefungua begi lake juu ya kitanda.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakunja."

"Unakunja kwenda wapi?"

"Wakikifunga kile chumba, mimi narudi kwangu."

Mke wangu akasimama mlangoni, taulo mkononi. "Mama, kule ulianguka. Ulilala chini kutwa nzima. Nani atakuokota?"

"Nilianguka nikiwa mtu," Mama akasema. "Hapa nitasimama nikiwa kabati. Sitaki."

Hakusema kwa ukali. Ndicho kilichotutisha. Mke wangu aliingia bafuni akafungulia bomba tusimsikie akilia. Tulimsikia. Sote watatu tulijua akirudi kule tutakwenda siku moja kumkuta sakafuni, na hapatakuwa na jirani wa kuazima ngazi.

Kwa hiyo Jumamosi ile niliketi na hasira. Komeo alikuwa ametufungulia asubuhi, kisha akapanda kwake kulala kidogo. Nikazamisha mkono kwenye lundo, nikatoka na koti jeusi, mfuko mmoja umetoboka kwa ndani. Makoti meusi yamejaa duniani. Na sharti ni sharti, huulizi. Nilimwona dada mmoja mgeni, nisiyewahi kumwona, ameketi karibu na mlango, ananitazama mikono kwa wasiwasi. Nikadhani ana wasiwasi na ushonaji wangu, jambo ambalo kila mtu analo.

Nikaziba tundu la mfuko. Halafu nikasikia kitu kigumu chini kabisa, kwenye pindo, kati ya koti na bitana. Kirefu, cha chuma, kinacheza. Na hapa ndipo diploma yangu iliponiponza. Fundi mwingine yeyote angejua kuna kitu kimedondokea humo kupitia tundu la mfuko. Mimi nikafikiria lifti. Kila lifti ina vyuma vizito upande wa pili vya kuisawazisha, la sivyo mota inalemewa. Nikajiambia, aha, makoti ya gharama ndivyo yalivyo, yametiwa chuma kwenye pindo ili yakae sawa, yasipeperuke. Na hiki kimelegea. Na upande wa pili hakipo kabisa, bila shaka kimeanguka. Maskini, mwenye koti anatembea ameinama upande mmoja na hajui.

Basi nikakikaza. Uzi mwekundu wa nailoni, ule wa viatu, nikausugua nta ya mshumaa, nikazungusha na kuzungusha, hasira yote ya wiki ikaingia humo. Upande wa pili nikatia nati mbili kutoka mfukoni mwangu, nazo nikazishona. Nikalinyanyua koti. Lilining'inia sawa kama lifti mpya.

"Mama, ona," nikasema.

"Umejitahidi," akasema Mama. Kwake hiyo ni medali.

Yule dada mgeni akalichukua kimyakimya, akapanda nalo mbio.

Jioni Komeo alishuka kufunga chumba, ufunguo hakuna. Ulikuwa mmoja tu, wa kufuli la zamani lililomo ndani ya mlango wa chuma. Kulibadilisha ni kuukata mlango, na mwenye jengo hataki kusikia. Wiki nzima Komeo alikung'uta mapipa ya taka, akalaza shavu sakafuni kuchungulia chini ya makabati ya mita za umeme. Nilimwonea huruma jamani. Mimi mwenyewe, kwa hiari yangu, niliingia kwenye shimo la lifti na tochi kumtafutia. Nilitoka na kiatu cha mtoto. Naye amesimama juu yangu na lile koti.

Jumamosi ya mwisho hakuna aliyebaki nyumbani. Hata wa ghorofa za juu walikuja na viti vyao. Begi la Mama lilikuwa limesimama karibu na mlango wetu kule juu, limefungwa zipu, na mke wangu alikuwa amekataa kulitazama. Mchana mwenye duka la rangi akafika na mkokoteni wa makopo, Komeo mbele yake.

"Kufuli linafanya kazi?" mwenye duka akauliza.

"Ufunguo umo humu humu," Komeo akasema. "Mmoja wao ameuchukua."

"Mimi bila kufuli siachi hata kopo moja."

Komeo akapandwa na hasira. Akaingia mpaka katikati ya viti, akasimama karibu na lundo, akanyoosha kidole moja kwa moja kwa mama mkwe wangu. "Huyu ndiye kiongozi wao. Huyu ndiye aliyewaamuru washone kwa uzi mwekundu. Bibi, toa ufunguo kwa amani, au nawaita polisi wakupekue. Uzee wako hauwezi kuficha wizi."

Dereva akasimama, na Dereva akisimama chumba kinapungua. Mama akamwashiria aketi.

"Polisi wa nini?" akasema. "Nipekue wewe."

Akaugeuza mkoba wake juu ya lundo. Vikamwagika vibunda vya uzi, vifungo, miwani, nusu pakiti ya biskuti, picha ya marehemu baba mkwe. "Bado mfuko wa sketi. Huu hapa. Njoo uingize mkono."

Komeo hakusogea.

Nesi naye akamwaga mkoba wake. Halafu Dereva. Halafu mmoja mmoja, mpaka lundo likawa na funguo za nyumba, vidonge, leso, lipstiki, simu zinazoita. Yule dada mgeni wa karibu na mlango akanyanyuka, akamwaga wake pia, akarudi kuketi na mkasi mkubwa mapajani.

Komeo akatoa macho. "Wewe! Mke wangu! Unafanya nini huku?"

"Nashona," akasema yule dada.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi iliyopita. Paa ulishalifunga. Ningezungumza na nani?"

Komeo akageuka kwa kishindo, na lile koti likageuka naye, pande zote mbili kwa pamoja, limenyooka, zuri, na pindo likagonga mguu wa kiti changu. *Nging'.*

Nilisikia baridi kuanzia kwenye kile kiraka changu kwenda juu. Nikainama kama ninayeokota sindano. Ndani ya pindo, kwenye bitana, uzi mwekundu, mizunguko yangu mwenyewe, minene kama mshono wa gunia. Nikamtazama mke wa Komeo. Alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Naye alikuwa ameelewa sasa hivi.

Nikamsogelea Mama sikioni. "Mama, nadhani ufunguo uko kwenye koti."

"Koti gani?"

"Lake."

"Nani kauweka?"

"Umeshonwa."

"Na nani?"

"Nami."

Mama akanitazama. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikataka kupiga magoti. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani, akacheka mpaka chozi likashuka, na tangu aanguke kule jikoni sikuwa nimemsikia akicheka hata mara moja. Chumba kizima kilimgeukia, hakuna aliyejua kwa nini, na baadhi wakaanza kucheka kwa sababu yeye anacheka.

"Mwambie," akasema, akijifuta.

"Nimwambie? Si atafunga!"

"Mwambie. Mimi siitwi mwizi na mtu aliyevaa alichoibiwa. Mwambie, halafu keti umalizie soksi ya watu."

Nikasimama. "Bwana msimamizi," nikasema, "ufunguo unao. Uko kwenye pindo la koti lako, mkono wa kulia. Mfuko ulitoboka, ukadondoka, mimi nikaushona humo. Sikujua. Nilidhani ni chuma cha kusawazisha."

"Cha nini?"

"Kama cha lifti."

Mwenye duka la rangi aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika. Komeo akashika pindo, akalipapasa, akakuta chuma. Uso ukamwiva. Akavuta. Uzi haukusikia. Akakanyaga pindo kwa kiatu na kuvuta tena. Wapi! Mwisho, mbele ya wapangaji wake wote, akalipeleka mdomoni, akauma.

"Huo ni upande wa nati," nikamwambia. Sikusema kwa kejeli, nilitaka kumsaidia.

Chumba kilipasuka. Mwenye duka akasubiri kicheko kitulie, akageuza mkokoteni wake. "Mimi sikuja kugombana na watu. Ukiwa tayari utaniona dukani." Tukayasikia makopo yakigongana hadi mtaani.

"Fumua!" Komeo akaniambia. "Wewe umeshona, wewe fumua!"

"Leo mkono wangu una soksi," nikasema. Na kweli nilikuwa nimeivaa mkononi, nikiikagua kisigino.

"Basi nitapanda juu nikalete kisu!"

"Panda," Mama akasema. Hakucheka tena, na hakupandisha sauti. "Lete kisu, toa ufunguo wako, ni mali yako. Ukirudi utatukuta tumekaa. Ukitaka kufunga, funga, sisi tukiwa ndani. Nesi hana zamu leo. Dereva amelaza gari. Mimi begi langu limeshafungwa, nitalileta huku. Hatutoki, mwanangu. Si leo, si Jumamosi ijayo."

Akaokota shati kwenye lundo, akaanza kutunga uzi. Nesi akaokota lake. Dereva akavuta kiti mbele, akakiweka sawa kwenye kizingiti cha mlango, akakaa. Chumba kizima kikainamisha vichwa, pakawa hapasikiki kitu isipokuwa uzi ukipita kwenye kitambaa, ule mlio mdogo, kama watu wengi wanaonong'onezana neno moja.

Komeo akabaki amesimama juu ya lile tundu la maji, pindo mkononi, koti limempanda mpaka kiunoni. Kila paja lilikuwa na mkasi. Mikubwa, midogo, wa kucha, wa karatasi, wa Nesi wa kukatia bandeji.

"Nani aniazime mkasi?" akasema.

Sindano zilikwenda na kurudi. Akamgeukia Dereva, Dereva anahesabu mishono. Akanigeukia mimi, nikaitazama soksi yangu kama ndiyo naiona leo. Mwisho akamgeukia mkewe, ambaye alikuwa na ule mkubwa, wa nyumbani kwao, umelala wazi mapajani, na alikuwa anatia kifungo kwenye blauzi ya mtu asiyemjua, uso wake umetulia kabisa.

"Mke wangu," akasema Komeo, kwa sauti ambayo hatukujua anayo. "Mkasi tu. Naomba."